Kigoda cha Wodini

Tulipokuwa tukitoa vitu katika chumba cha marehemu mama, pale Nyamisangura, wifi yangu alikivuta kigoda kutoka uvunguni mwa kitanda, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akasema kingefaa jikoni. Ni kigoda cha kawaida tu, cha miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja, kikalio kimebonyea katikati na kung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Nilikiinamia nikakinusa kabla sijajua ninachofanya. Baada ya miaka yote ile mti ule ulikuwa bado na harufu ya dawa kali ya kusafishia sakafu za hospitali, harufu ambayo utotoni niliichukia kama mke anavyomchukia mwenzake wa nyumba ya pili. Nikamwambia wifi akiache. Alinitazama kwa mshangao, maana sauti yangu ilitoka na ukali usiolingana na jambo lenyewe. Nisingeweza kumweleza pale, kati ya maboksi na magodoro, kwamba mtu wa umri wangu, mwenye shahada na watoto wanaomzidi kimo, bado anakionea wivu kigoda.

Wenzangu mliolelewa na mama mwenye kazi ya kuajiriwa huenda mtanielewa upesi kuliko wifi. Mama yangu alikuwa muuguzi katika hospitali ya mjini, na watu walimwita Sista Sabina. Katika miaka ninayoikumbuka alipangiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Jina hilo lisikupe picha ya mitambo. Kilikuwa chumba chenye vitanda vichache, kilichochaguliwa kwa sababu mlango wake ulitazamana na meza ya wauguzi. Nje yake palikuwa na baraza yenye benchi refu la saruji, na juu ya benchi hilo ndugu wa wagonjwa walikaa, walikula, walisali na kusinzia. Kigoda kilikaa kando ya mlango. Mama alikuwa amekileta kutoka kwao siku alipoanza kazi, na alikitumia kwa jambo moja tu. Hakumwambia ndugu wa mgonjwa neno lolote zito akiwa amesimama. Alitoka chumbani, akafunga mlango taratibu, akakichukua kigoda, akakiweka mbele ya mtu aliyekuwa kwenye benchi na kukaa, goti lake karibu na la mwenzake. Kwa kuwa kigoda kilikuwa kifupi kuliko benchi, uso wake ulikuwa chini ya uso wa anayeambiwa. Kisha alizungumza polepole, na alipomaliza hakuondoka. Hilo la kutoondoka ndilo lililoniuma zaidi.

Nyumbani kwetu mama hakukaa. Sisemi kwamba hakupumzika. Nasema hakukaa. Alikula amesimama, bakuli mkononi, bega limeegemea mwimo wa mlango wa jiko. Nilipomsomea hadithi za kitabu cha shule alinisikiliza huku akipepeta mchele, na mdogo wangu Marwa alipoanguka na kuchubuka alimwosha kidonda akiwa ameinama kwa haraka, kama mtu anayeokota kitu njiani. Baba alikuwa mwalimu upande wa Mugumu na alirudi kwetu mwisho wa juma. Hata siku hizo alikaa yeye, tukakaa sisi, na mama alizunguka katikati yetu na birika la chai. "Sabina, kiti hakina miiba," baba alimtania. Mama alicheka, akamwongezea chai, akaenda kuanua nguo.

Nilipotoka shule nilipita hospitali kuchukua ufunguo wa nyumba, na mara nyingi niliamua kumngoja. Nilijibanza mwisho wa baraza, karibu na bomba la maji, nikitazama kigoda kikifanya kazi yake. Nilimwona mama akikaa mbele ya wachimbaji wa Nyakunguru, wanaume wenye vumbi hadi kwenye kope, waliomleta mwenzao aliyefukiwa shimoni. Mmoja wao alilia kwa sauti, na mama alimwacha alie, kiganja chake kikiwa kimetulia juu ya goti la mtu yule kama kwamba hakukuwa na kazi nyingine duniani. Nilimwona akikaa mbele ya mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akiuguza mkewe, akimngoja amalize dua kabla ya kusema alilotaka kusema. Kwa akili yangu ya utoto nilifikia uamuzi ambao kwangu ulikuwa wazi kama hesabu ya kujumlisha. Mama alikaa mbele ya watu aliowapenda. Mbele yetu alisimama.

Niliona dawa ya tatizo hilo ni kuugua. Nikajaribu kukohoa. Mama alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, amesimama vilevile, akanituma maji.

Kisha wakaja watu wa Mbalibali. Mgonjwa wao alikuwa mwanamume aitwaye Mwita, aliyejikata mguu kwa jembe na kudharau jeraha hadi pepopunda ikamshika. Mwili ulikakamaa, taya zikafungana. Mgonjwa wa namna hiyo hataki mwanga wala kelele, kwa hiyo madirisha ya chumba yalifungwa na baraza nzima ikaamriwa kunong'ona. Ndugu zake waliomleta walirudi siku ileile, maana mifugo haikuwa na mtu. Mkewe alikuwa na kichanga na hakuweza kusafiri. Aliyebaki kumuuguza alikuwa mama mkwe wake, Bibi Nyangi, pamoja na Bhoke, binti wa mgonjwa, msichana wa rika langu.

Hapo ndipo palipokuwa na kizuizi ambacho watu wa mbali hawawezi kukiona. Kwetu mama mkwe haingii mahali alipolala mkwe wake wa kiume. Hamshiki mkono, na kumwona akiwa amelala bila nguo za heshima ni jambo ambalo familia nzima itaona aibu yake. Bibi Nyangi alikuwa amesafiri umbali wote ule kuja kumuuguza mtu ambaye mila ilimkataza kumtazama. Alikaa kwenye benchi chini ya dirisha lililofungwa, mgongo wake ukiwa umegusa ukuta, akisikiliza. Muuguzi mmoja alimwambia aache mambo ya zamani, aingie tu. Bibi alijifunika kanga usoni.

Mama hakumwambia aingie. Alimletea mgonjwa nje kwa maneno. Kila alipomaliza kumhudumia Mwita alitoka na kigoda chake, akakaa, akamweleza bibi kwa kunong'ona: leo mwili umekakamaa mara chache kuliko jana, nimemgeuza, nimemwosha, ndevu zimeanza kuota, jasho limekauka. Bibi aliuliza mambo ambayo mimi niliyaona ya ajabu. Macho yanatazama wapi? Mikono imefumbwa au imefumbuliwa? Mama alimwonyesha kwa mikono yake mwenyewe jinsi vidole vya Mwita vilivyolala. Wakati mwingine mambo ya kusimulia yaliisha, nao wakabaki vivyo hivyo, goti kwa goti. Mimi mwisho wa baraza niliubana ufunguo wa nyumba kiganjani mpaka ukaacha alama.

Alasiri moja nilimkuta mama amekaa kigodani na Bhoke ameketi sakafuni katikati ya magoti yake, anasukwa nywele. Bhoke alikuwa hajaandikishwa shule, kwa hiyo alikuwa na nywele. Mimi nilikuwa nimenyolewa kama wanafunzi wote. Mama alimsuka mistari ile rahisi ya kurudi nyuma, na huku vidole vikienda alimwambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake ni mgonjwa sana, kwamba madaktari wanajitahidi, kwamba hawajui bado. Bhoke alikuwa amefumba macho. Sikusikia huzuni katika maneno yale. Nilichoona ni vidole vya mama yangu katika kichwa kisicho changu.

Alipoingia ndani nilimwendea yule msichana.

"Ni mama yangu," nilimwambia.

"Kwani nimesema ni wangu?"

"Nakwambia tu ujue."

Bhoke alijishika mistari ya nywele, akaipapasa kama mtu anayepapasa zawadi iliyoletwa kwenye nyumba isiyo yake. "Mchukue," akasema. "Mimi namtaka baba."

Maneno hayo hayakunituliza hata kidogo. Niliona ana kiburi, kwamba anapewa nilichokililia mimi na bado hakitaki. Jioni ile, mama akisonga ugali, nilimuuliza kama Bhoke atakuja kukaa kwetu.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Nauliza tu."

Aligeuza ugali, akaukandamiza ukingoni mwa sufuria. "Mungu akisaidia, hatahitaji kukaa kwa mtu."

Nikalala nikiwa nimeridhika, nikidhani nimehakikishiwa nafasi yangu.

Haukupita muda mama akafanya jambo jingine. Alifunga kamba kutoka msumari wa ukutani hadi kwenye fremu ya dirisha, akatundika shuka mbili kando ya kitanda cha Mwita, kisha akatoka akamwambia bibi kwamba sasa kuna ukuta, na upande wa pili wa ukuta si chumba anacholala mkwe. Bibi Nyangi akavua viatu mlangoni. Mama alimpa kigoda chake, naye akaingia, akakaa nyuma ya shuka, uso ameuelekeza mlangoni, mgongo kwa mgonjwa. Mimi nilichungulia. Bibi akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Mkwe, ni mimi. Ng'ombe wamenyweshwa." Nyuma ya shuka kitanda kililia kidogo, kisha kikatulia. Mama alisimama kati yao, mkono mmoja umeshika shuka isipepee.

Mwita alianza kumeza uji. Mama alirudi nyumbani akiimba, na mimi, ambaye ningepaswa kufurahi pamoja naye, nilijiuliza kwa nini sisi hatumfanyi aimbe.

Katika siku hizo pikipiki aliyopanda baba akirudi kutoka Mugumu iliteleza kwenye tope, akapigwa kichwa. Alifikishwa chumba kilekile cha mama. Mama alikuja nyumbani mbiombio na sare yake, akaniambia akiwa mlangoni, mkono mmoja ukitafuta shuka kabatini, kwamba baba yuko wodini na kwamba mimi na Marwa tungekula kwa jirani. Aliniambia amesimama. Kwa sheria niliyokuwa nimejitungia, habari isiyokaliwa haikuwa na uzito, kwa hiyo sikuogopa. Nilichukia tu kwamba hata kwa ajili ya baba hakukaa.

Nilipofika barazani kesho yake nilimkuta mama upande wa nje wa mlango. Mkuu wa wauguzi alikuwa amemwondoa zamu ya chumba kile kwa muda, kwa kuwa mgonjwa alikuwa wake. Sare alikuwa nayo bado, lakini mikono yake haikujua pa kukaa. Aliipeleka mfukoni, akaitoa, akarekebisha kofia iliyokuwa imenyooka. Wenzake walimpita kwa upole, wakimtupia maneno wakiwa njiani, labda kwa kudhani kwamba muuguzi hahitaji kuelezwa.

Bibi Nyangi aliinuka kutoka kwenye benchi. Akakichukua kigoda kilichokuwa kando ya mlango, akakiweka chini mbele ya benchi, akakikalia yeye. Akampigapiga mama kwenye pindo la gauni.

"Kaa, mwanangu."

"Nikikaa, bibi, nitaanguka."

"Basi uangukie hapa."

Mama akakaa kwenye benchi. Bibi, ambaye sasa uso wake ulikuwa chini, alimshika magoti yote mawili kwa viganja vyake vigumu vya kulimia, naye mama yangu, Sista Sabina, akalia mbele ya baraza nzima. Nilisimama penye bomba. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimwonea wivu yule mzee kuliko nilivyopata kumwonea mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimetumia utoto wangu wote nikidhani kigoda kile kina upande mmoja tu, wa kukaliwa mbele yangu, na sasa niliona upande wa pili, wa kukaliwa mbele ya mama, nao pia ulikuwa umechukuliwa. Bhoke alisogea kunipa nafasi kwenye benchi. Sikukaa.

Kilichofuata kilitokea mchana. Nilikuwa uani nikifua sare ya shule kwenye beseni. Niliinua macho nikaona kigoda kinakuja njiani. Nakumbuka vizuri kwamba nilikiona chenyewe kabla ya kumwona aliyekibeba: miguu mitatu ikichomoza chini ya kwapa, na nyuma yake mama. Nilifurahi. Neno hilo naliandika kama lilivyo, maana sina jingine. Nilimkimbilia na mikono yenye povu, nikakipokea, nikakipangusa, nikatafuta mahali pazuri pa kukiweka. Nilichagua kivuli cha ukuta wa jiko, ambapo ardhi ilikuwa sawa, nikakijaribu kwa mkono kama hakiyumbi. Mahali pale nilipachagua mimi mwenyewe.

Mama akakaa. Alipindua ndoo, akanionyesha nikae juu yake, nami nikawa juu kidogo kuliko yeye, nikiuona utosi wa kofia yake kwa mara ya kwanza. Akanishika magoti.

"Gati."

"Abee, mama."

"Baba yako amefariki. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakuwa peke yake."

Magoti yangu yalikuwa na maji ya sabuni na viganja vyake viliteleza, akavirudisha, vikateleza tena. Alinukia dawa ya sakafu. Kati ya kuyasikia maneno na kuyaelewa palikuwa na nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Nyamisangura. Kisha nikaelewa. Hakuondoka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilimuuliza kwa nini nyumbani hakukaa kamwe. Alikuwa akichambua mboga, amesimama. Alisema kwamba kila alipokaa mbele ya mtu lilifuata jambo ambalo mtu huyo hatalisahau, na kwamba hakutaka watoto wake wamzoee akiwa katika hali ile. "Nilitaka nikisimama mjue ni salama," alisema. Lilikuwa jibu zuri, na ninaamini lilikuwa la kweli. Lakini wivu wa mtoto hauombi sababu. Unaomba goti, na la mama nilipewa mara moja tu.

Kwenye msiba wake watu walijaa uani hadi barabarani. Walitoka Mbalibali, walitoka Nyakunguru, na kila mmoja alikuwa na siku yake ya benchi la saruji ya kusimulia. Mwita alikuja, mzee sasa, akichechemea kwa mguu ule wa jembe, akishikiliwa na Bhoke. Bibi Nyangi alikwisha kufariki zamani. Bhoke alikaa karibu nami kwenye mkeka, mtu mzima mwenye mvi.

"Alinisuka siku moja tu," akasema.

"Najua. Nilikuwa natazama."

Alicheka kidogo, akajifuta macho, akanisogelea. Safari hii sikuhama. Hata hivyo nilipomtazama nilijua kwamba ana siku moja ambayo mimi sina, na kwamba uani pale palikuwa na mamia ya siku kama hiyo, zimegawiwa kwa watu nisiowajua majina.

Siku zake za mwisho mama alikuwa amelazwa katika hospitali ileile aliyoifanyia kazi. Chumba kimehama, kuna jengo jipya na viti vya plastiki kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa. Muuguzi wa zamu alikuwa binti mdogo. Kila asubuhi alinipa habari akiwa mlangoni, kwa haraka, faili mkononi: amelala vizuri, dripu imebadilishwa, presha imeshuka kidogo. Ndugu wengine walilalamika kwamba wauguzi wa siku hizi hawana muda na watu. Mimi sikulalamika. Nilimtazama amesimama pale, uzito wake kwenye mguu mmoja, nami nikanywa chai yangu kwa amani.

Asubuhi ya mwisho alitoka bila faili. Alifunga mlango taratibu nyuma yake. Akavuta kiti cha plastiki hadi mbele yangu, akakipima kwa macho, akakiona kirefu, akakisukuma kando. Pembeni palikuwa na kreti tupu la soda. Akaligeuza. Sijui nani alimfundisha.

Simama, mwanangu, nilitaka kumwambia. Niambie umesimama. Lakini alikuwa amekwisha kukaa, na uso wake ulikuwa chini ya uso wangu.